Swala Aliyeangukia kwa Baba

Ukitaka kujua kama mwanamume anakupenda, mwambie atambae kwa tumbo nusu saa kwenye miiba huku wewe ukipunga foronya. Orrin Haskett alitambaa bila kulalamika. Au niseme ukweli, alilalamika mara moja.

"Maite," alininong'oneza, "goti langu limeingia kwenye mpungate."

"Goti moja tu? Basi una bahati. Nyamaza."

"Na hiyo foronya ina maua."

"Ni ya mama yangu. Swala hachagui."

Tulikuwa tumelala kifudifudi nyuma ya kichaka cha pakanga, kwenye ardhi ya umma inayopakana na malisho yetu, mwisho wa Septemba, saa mbili asubuhi. Wote wawili tulivaa vizibao vya rangi ya chungwa kama sheria ya Wyoming inavyotaka. Mbele yetu alisimama dume mmoja wa swala wa kwetu, wale wenye pembe nyeusi zilizochipua tawi fupi kwa mbele. Hawa wanaona kuliko darubini na wanakimbia kuliko pikapu, lakini Mungu kawapa kasoro moja, nayo ni umbea. Wakiona kitu cheupe kinapungapunga, hawatulii mpaka wajue ni nini. Babu yangu aliwavuta kwa kitambaa chake cha kufutia jasho. Mimi nilikuwa na foronya ya maua.

Dume akaja hatua kumi, akasimama. Akapiga kwato chini, akapuliza pua, akarudi nyuma kidogo, akaja tena. Nakiri sikumtazama sana. Nilimtazama Orrin, shavu lake limelala juu ya bunduki, na ile mikunjo midogo pembeni ya jicho ambayo huwa inakunjuka akikaza mawazo. Miaka minne alikuwa anaomba kibali cha kuwinda swala katika bahati nasibu ya serikali, na miaka mitatu jina lake halikutoka. Mwaka huu limetoka, akaniomba mimi nimsindikize. Ningeweza kulala pale mpaka theluji ianguke.

"Umeacha kupunga," alisema bila kugeuka.

"Mkono umechoka."

"Unanitazama mimi."

"Naangalia kama bunduki umeishika vizuri."

"Bunduki iko upande huu mwingine, Maite."

Nikapunga. Dume akageuza ubavu, akiwa karibu kiasi cha kuona weupe wa koo lake, na Orrin akafyatua mara moja. Ilikuwa risasi safi, nyuma ya bega. Lakini swala wa kwetu hata akishakufa huwa bado hajapewa taarifa. Aliruka, akakimbia kuelekea kaskazini kama aliyesahau kitu nyumbani, akafika kwenye uzio wa seng'enge. Hawaruki uzio hawa. Akapiga magoti, akapenya chini ya waya, akaenda hatua arobaini zaidi, ndipo akaanguka.

Tukasimama. Orrin akavua kofia, akaivaa tena.

"Maite, niambie ule uzio si wa baba yako."

"Ule uzio si wa baba yangu."

"Kweli?"

"Hapana. Umeomba nikuambie, nimekuambia."

Akakaa chini, akaanza kujichomoa miiba ya goti. Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu katika Wyoming nzima, yenye ardhi ya kumtosha kila swala kufa kwa raha zake, huyu alichagua malisho ya Beñat Larzabal, baba yangu mzazi, ambaye alikuwa ameapa kuwa Orrin Haskett hatakanyaga ardhi yake maisha.

Kisa chenyewe ni lango. Kwetu mtu anaweza kusamehewa ulevi, akasamehewa hata kuimba vibaya kanisani, lakini hasamehewi lango. Ukilikuta limefungwa, lifunge. Ukilikuta wazi, liache wazi, hasa likiwa limevutwa nyuma na kuzungushiwa waya kwenye nguzo, maana hapo mwenyewe amekusudia. Oktoba iliyopita Baba aliacha lango moja wazi namna hiyo, waya mizunguko miwili, ili kondoo waliotoka mlimani wapite kwenda kunywa maji. Pikapu ya kijani ya Orrin ikaonekana ikipita hapo, na lango likafungwa. Kondoo jike mia tatu walikaa siku moja na nusu wakiyanusa maji bila kuyafikia. Hakufa hata mmoja, lakini Baba alinyauka kuliko wao. Akamkabili Orrin mnadani, mbele ya wafugaji wote, akamwambia kwamba mtu asiyejua lango hajui nyumba. Tangu siku hiyo, pampu zetu za maji zikiharibika, Baba humwita fundi wa mbali, saa tatu kwa gari, ili tu asimwite Orrin, ambaye ndiye fundi pampu bora wa wilaya.

Sasa niwaambie jambo ambalo Baba hakulijua. Huku kwetu anayekaa kando ya dereva ndiye anayeshuka kufungua na kufunga malango. Haikuandikwa popote, na hakuna asiyeifuata. Siku ile Orrin alikuwa anaendesha, na aliyekaa kando yake ni mimi. Nilikuwa nimeaga kwamba nakwenda mjini kwa daktari wa meno. Orrin alinichekesha, nikashuka nacheka, nikafungua ule waya nacheka, nikafunga lango nacheka. Mimi, binti wa kondoo, niliyejua malango kabla sijajua kusoma. Alipotukanwa mnadani alisimama akapokea matusi yote, akasema tu, "Nilikuwa naendesha mimi, mzee." Na mimi nilikuwa nyuma ya zizi la tatu, nimenyamaza na meno yangu mazima.

"Nakupa ruhusa mimi," nilimwambia pale kwenye uzio. "Mimi ni mtoto wa nyumba hii. Vuka, umchukue swala wako, tuondoke."

"Ardhi ni ya baba yako."

"Hatatuona."

"Ndiyo shida yenyewe, Maite. Mwaka mzima hatutaki atuone. Tunasalimiana kwenye uzio kama ng'ombe wa majirani." Akasimama, akanitazama vile anavyonitazama akiwa hatanii. "Jumatatu lazima niijibu ile barua ya kunipa kazi Nebraska. Sitaki kwenda. Lakini sitakaa hapa miaka kumi nikikupenda kwa kujificha. Nakwenda kumwomba ruhusa mlangoni kwake."

"Atakufukuza."

"Kuuliza si ujinga."

"Kumwuliza Baba ni ujinga."

Akacheka, akaniondolea kipande cha pakanga kwenye nywele. Kidole chake kilikaa shavuni mwangu zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akafungua mlango wa pikapu, kwa sababu jua lilikuwa linapanda, na nyama ya swala haingoji wapendanao.

Baba alikuwa mezani, amemaliza mayai na soseji za pilipili, anafuta sahani kwa mkate. Mama alikuwa kwenye sinki. Orrin akasimama kwenye ngazi ya chini, nje ya mlango, kofia mkononi. Nami nikasimama katikati, nusu ndani nusu nje.

"Kattalin," Baba alimwambia Mama bila kuinua macho, "mbwa anambwekea nani?"

"Habweki. Anatingisha mkia."

"Basi mbwa naye kazeeka."

"Habari za asubuhi, Mzee Larzabal," Orrin alisema.

"Zilikuwa nzuri."

"Nimempiga swala kwenye ardhi ya umma. Kapenya chini ya uzio wako, kafia kwako, hatua arobaini ndani. Naomba ruhusa nimfuate."

Baba akatafuna mkate wake taratibu. Ana umri wa miaka sitini na tatu, na kutafuna taratibu ndiyo silaha yake kubwa.

"Kuna malango matatu mpaka hapo," alisema.

"Najua, mzee. Siku hizi kila lango napiga picha kabla sijaligusa, ili nilirudishe kama nilivyolikuta."

Mama akageuka. "Picha? Hebu nione." Akafuta mikono, akapokea simu, akaanza kupitisha kidole. "Lango. Lango. Hili la kina nani? Lango. Beñat, huyu ana malango mia mbili humu, na binti yetu mara moja tu, tena kafumba macho."

"Anakataa kupigwa picha, mama," Orrin alisema, na masikio yake yakawa mekundu.

Nilidhani Baba atacheka. Mdomo wake ulitaka, yeye akauzuia.

"Maji yakimwagika hayazoleki, kijana. Swala abaki alipo. Tai nao wana watoto."

Orrin akaitazama kofia yake. Pale angeweza kusema neno moja tu, na kosa lote likahama kutoka kichwani kwake kuja kwangu. Nilimwona akilifikiria na kuliacha.

"Sawa, mzee. Ardhi ni yako," alisema. "Basi naomba umchukue wewe. Ni dume mzuri, ana mafuta. Lakini nenda sasa hivi, jua limepanda. Nyama nzuri isiharibike kwa sababu yangu." Akavaa kofia, akanitazama mara moja, si kwa lawama, na hilo ndilo lililoniumiza. "Maite, nitakupigia kabla ya Jumatatu."

Akageuka. Nilihesabu hatua zake kwenye changarawe. Hatua nne.

"Baba," nikasema, "lile lango nililifunga mimi."

Hatua zikasimama.

"Lango gani?" Baba aliuliza, ingawa kwetu lilikuwa limebaki lango moja tu duniani.

"La kondoo. Orrin alikuwa anaendesha. Mimi ndiye niliyeshuka."

"Siku ile ulikuwa kwa daktari wa meno."

"Sikwenda kwa daktari wa meno."

"Na jino?"

Mwaka mzima, kila Jumapili baada ya kanisa, baba yangu alikuwa ananiuliza hali ya jino lile. Alikuwa ananikatia nyama laini.

"Halijawahi kuniuma, Baba."

"Nilijua jino lile lina pikapu ya kijani," Mama alisema, na kurudi kwenye vyombo vyake.

"Ulijua?"

"Mtoto katoka kwa daktari wa meno, kafika hapa anatafuna karanga. Mapenzi ni kikohozi, Beñat. Ila la lango sikulijua." Akanitazama kwa jicho ambalo lilinifanya niwe na miaka sita. "Hilo tutazungumza."

Baba akasukuma sahani. Hakunitazama mimi. Alimtazama Orrin kupitia mlango ulio wazi, mtu mrefu amesimama uani, goti bado lina miiba.

"Wewe. Rudi hapa."

Orrin akarudi mpaka kwenye ngazi yake ileile.

"Nilikukabili mbele ya watu. Ukasema ni wewe."

"Nilisema nilikuwa naendesha mimi. Hukuuliza nani alishuka."

"Na kwa nini hukusema?"

"Halikuwa langu kulisema, mzee."

Nilikuwa nalia sasa, waziwazi, bila aibu. Nililia kwa sababu niliogopa kuwapoteza wote wawili asubuhi moja, na kwa sababu nilijua, kwa hakika ambayo sijawahi kuwa nayo katika jambo lolote, kwamba nampenda yule mtu wa ngazi ya chini. Mwaka mzima alibeba kosa langu na hakunikumbusha hata siku moja.

Baba hajui kuomba msamaha. Baba yake hakumwachia neno hilo, alimwachia kondoo tu. Alikaa akiutazama mkono wake mezani, na shingo yake ikapanda wekundu polepole. Kisha akainuka, akachukua kisu cha kuchunia ukutani, akachukua na kinoo.

"Pikapu yako ina mafuta?"

"Inayo, mzee."

"Kattalin, barafu."

Mama alikuwa ameshaitoa.

Uani nikaenda upande wangu, kando ya dereva, kama kawaida. Baba akaniwekea mkono begani.

"Sogea katikati."

"Baba, mimi ndiye ninayeshuka malangoni."

"Nimeona unavyoshuka. Sogea."

Nikaketi katikati yao. Mzee Beñat Larzabal, mwenye malango yote, akajibana kwenye kiti cha mlangoni, kisu mapajani. Kwenye lango la kwanza Orrin akasimamisha gari, na Baba akafungua mlango. Magoti yake yalilia. Akaenda, akalifungua, akasimama amelishika huku upepo ukimpiga kofia.

"Nifanye nini?" Orrin alininong'oneza, kashika usukani kama mtu aliye kwenye mtihani.

"Pita."

"Ananifungulia mimi?"

"Pita, Orrin, kabla hajabadili mawazo."

Tukapita. Baba akalifunga nyuma yetu, akaliangalia mara mbili, akarudi akapanda. Kwenye lango la pili mkono wa Orrin uliikimbilia simu kwa mazoea. Nikaupiga kofi.

"Mwache apige," Baba alisema akiwa tayari chini. Akalishika lango, akanyoosha mgongo, akakaza kidevu kama wazee wanavyofanya wakipigwa picha. "Nisimame upande gani?"

"Hapohapo pazuri, mzee."

Mimi nilikuwa nacheka na machozi hayajakauka. Lango la tatu naye alilifungua na kulifunga mwenyewe.

Swala alikuwa amelala penye nyasi, na hakuna tai aliyemgusa. Orrin akafunga kwanza kibali chake mguuni mwa mnyama. Baba akachuchumaa, akatazama tundu la risasi, akaguna. Guno hilo nalijua, hulitoa kwa kondoo walioshinda maonyesho. Kisha wakapasua tumbo, wakachuna, Baba akimwelekeza kisu kitembee vipi ili nywele zisiguse nyama, maana nywele za swala huyu hupukutika na zikigusa nyama mtajuta mezani. Mimi nilipanga barafu ndani ya mbavu. Walifanya kazi viwiko vinagusana.

"Nimesikia una barua ya Nebraska," Baba alisema akiwa ameinamia bega.

"Umesikia wapi?"

"Mama yake huyu husikia. Huko kuna nini?"

"Kazi, mzee. Na upepo."

"Upepo hata hapa upo." Akafuta kisu kwenye nyasi. "Na pampu ya kisima cha kusini ina mwezi mzima inakohoa. Yule fundi wa mbali anaipigapiga tu nyundo."

"Itakuwa ni vali ya chini."

"Nilimwambia ni vali ya chini."

Wakatazamana kwa mara ya kwanza siku ile bila lango kati yao. Baba akafunga ini kwenye foronya ya maua, akanipa niishike. Sikuthubutu kumwambia foronya ile imetoka kwenye kitanda chake.

"Kattalin hulipika na vitunguu na pilipili," alisema, akilitazama ini, si Orrin. "Saa saba kamili. Likikaa linakuwa gumu."

Tukageuza gari. Kwenye lango la kwanza la kurudi Baba akashuka, akafungua, tukapita. Nilingoja nisikie kishindo cha lango kufungwa, hakikuja. Nikageuka kutazama kioo cha nyuma. Alikuwa analiburuta lango mpaka nyuma kabisa, mpaka kwenye nguzo, akatoa kipande cha waya mfukoni. Akalizungushia mara moja, akavuta, akazungusha mara ya pili.

Kondoo walikuwa bado mlimani. Wangeshuka baada ya wiki mbili.

Akapanda, akavuta mlango, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Hilo asilifunge mtu," alisema. "Hasa wewe, Maite."

Orrin hakupiga picha. Alinishika mkono, mbele ya baba yangu, mchana kweupe, vidole vyetu vyote vina mafuta ya swala. Baba akageukia dirishani akawa anatazama pakanga, na akaendelea kuzitazama mpaka tukafika nyumbani.